Kosa Moja Kila Somo

Simu ililia Burulcha akiwa juu ya ngazi fupi, anapanga dawa za kikohozi kwenye rafu ya juu ya famasi. Namba ilikuwa ngeni. Akaibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kupanga.

"Eje Burulcha?" Ilikuwa sauti ya msichana aliyeziba pua kwa kulia, akimwita eje, dada mkubwa, kama wanafunzi wa huko wanavyowaita walimu wao wa kike.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Nurzada. Mwanafunzi wako."

Burulcha alipekua kichwani asimpate. Mara ya mwisho kufundisha ilikuwa Juni ya mwaka uliopita, na sasa Machi ilikuwa inakatika. Wanafunzi wake wote wa Chuo cha Uuguzi cha Ak-Bulut aliwajua kwa majina, wengine hata kwa majina ya farasi wao.

"Nurzada yupi, mwanangu? Wa kundi gani?"

"Wewe hunijui, Eje. Mimi ndiye nakujua. Nakuona kila Jumatatu na Alhamisi. Unavaa skafu nyekundu. Kuanzia somo la tano una mafua."

Burulcha akashuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukishika rafu.

"Eje, juzi nusura niue mtoto."

Habari yenyewe aliipata vipande vipande, kwa sababu msichana alikuwa akisema na kulia. Alikuwa mwaka wa pili, yuko kwenye mazoezi katika zahanati ya kijiji chao huko Ak-Talaa, chini ya muuguzi mmoja mkongwe anayeitwa Zuurakan. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amedungwa sindano ya kifua. Haikupita dakika, midomo ikamvimba, akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayepuliza filimbi iliyopasuka. Zuurakan alimpakata mtoto, akampigia Nurzada kelele: adrenalini, upesi, piga hesabu uvute.

Nurzada akapiga hesabu. Mtoto ana kilo kumi na mbili. Mililita moja nukta mbili. Kichupa kimoja kina mililita moja, kwa hiyo akakivunja cha kwanza, akavuta yote, akachukua cha pili.

"Alisikia nikivunja cha pili," Nurzada alisema. "Akaniuliza, 'Cha pili cha nani? Umeona ng'ombe hapa?' Akaninyang'anya bomba la sindano. Akamdunga tone tu, Eje, sifuri nukta moja mbili. Mtoto akapona. Nikamwambia, mimi nimefundishwa hivyo. Akaniita mwongo. Ndiyo nikamfungulia simu nimwoneshe. Somo la kumi na moja, dakika ya saba. Ni wewe, Eje. Unaandika ubaoni kwa mkono wako, moja nukta mbili. Unasema, 'Andikeni.' Nikaandika!"

Pakasikika purukushani, kisha sauti nyingine, nzito, ya mtu mzima.

"Lete hapa hiyo simu. We! Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, Apa," Burulcha alijibu, kama mtu anavyomjibu mama yake.

"Usiniite apa. Nimedunga watu miaka thelathini na minane. Wauaji nimewaona, walevi nimewaona. Lakini mtu wa kufundisha kuua, tena kwa mwandiko mzuri hivyo, ndiyo kwanza. Una watoto?"

"Wawili."

"Basi kawadunge wako."

Simu ikakatika. Mteja alikuwa amesimama mbele ya meza na cheti cha daktari mkononi, akimwangalia. Burulcha hakumwona. Alichokuwa anakiona ni ule ubao, na ile namba, na mkono wake mwenyewe unaoiandika. Kosa lile alilijua. Hakuwa amelifanya kwa bahati mbaya. Alilitia pale kwa makusudi.

*

Miaka mitatu nyuma, Ak-Bulut walipoamua kuwafundisha mtandaoni wanafunzi wa mabonde ya mbali, wale ambao barabara zao hufungwa na theluji kuanzia Novemba, Burulcha alipewa somo la dawa na vipimo vyake. Muhula wa kwanza ulimtoa machozi. Aliongea na vijisanduku vyeusi vyenye majina, kama mtu anayehutubia makaburi. Siku moja alimwita mwanafunzi ajibu swali, akajibiwa na mama mtu mzima: "Ametoka kulisha kondoo, mwalimu. Wewe endelea tu, mimi nakusikiliza."

Alizima kompyuta akaingia jikoni anatukana. Mumewe Melis, ambaye ni daktari wa mifugo na huona kila jambo kwa macho ya mifugo, alimwambia, "Ng'ombe akikataa majani, mimi simgombezi. Natia chumvi."

Burulcha alilala na neno hilo. Baada ya wiki moja alikuwa na mpango. Angerekodi masomo mafupi, dakika kumi na mbili basi, ambayo hata mtu wa bando la mkopo angeweza kuyapakua. Na ndani ya kila somo angetia kosa moja. Namba iliyoruka nafasi, jina la dawa lililobadilishana na lingine, tahadhari iliyogeuzwa. Somo la kwanza kabisa aliwaambia: "Katika kila somo nitawadanganya mara moja. Mniwinde. Kesho yake tukikutana, atakayenikamata ana alama mbili na ruhusa ya kunicheka."

Wakamwinda kweli. Siku ya pili walikutana moja kwa moja, watu ishirini ishirini, na vijisanduku vyeusi vikafunguka. Watu walibishana mpaka wakasimama. Wenye mtandao mbovu walimpigia simu ya kawaida, mmoja akiwa amepanda juu ya paa la zizi. Walimtania. "Eje, leo umetuulia wazee wangapi?" Na hakuna kundi lililoaga kabla kosa halijatolewa hadharani, likavunjwavunjwa, na kila mmoja akapiga hesabu sahihi kwa sauti yake. Hilo lilikuwa sharti lake, na hakuwahi kulivunja hata siku aliyokuwa na homa.

Miaka miwili mambo yakaenda hivyo. Waliofaulu wakawa wengi kuliko wale wa madarasa ya mjini. Mkurugenzi wa chuo, Kubanych Sadyrovich, alikwenda mji mkuu, Bishkek, kueleza "mbinu ya Ak-Bulut," akarudi na cheti chenye fremu ya dhahabu, akakitundika nyuma ya kiti chake.

Halafu Juni akamwita. Masomo yote thelathini na mawili, akasema, yameshakuwa mali ya chuo. Hakuna sababu ya kumlipa mtu saa za kufundisha kitu ambacho kimeshafundishwa. Burulcha aliumia, lakini alidhani watamweka mwalimu mwingine wa kukutana na wanafunzi, mwenye mshahara mdogo. Akaketi siku mbili akaandika kurasa nne: somo hili, dakika hii, kosa hili, sahihi yake hii. Akazitia kwenye bahasha, akamkabidhi mkurugenzi mkononi. Kisha akaenda kutafuta kazi famasi.

*

Siku ile ya simu hakungoja jioni. Alivua koti jeupe, akamwambia mwenye duka kuwa anatoka, na hakueleza. Njia nzima theluji iliyoyeyuka ilimrukia mpaka magotini. Alipofika ofisini kwa mkurugenzi hakubisha hodi.

Kubanych Sadyrovich alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwepesi wa kukaribisha. Aliinuka na birika mkononi.

"Lo! Nyota wetu! Karibu, Eje, kaa, kuna chai ya maziwa. Unajua mwaka huu wanakutazama wangapi? Mia moja na arobaini!"

"Nani anakutana nao siku ya pili?"

"Siku ya pili ipi?"

"Baada ya somo. Nani anakutana nao?"

"Ah, ile. Ile tumeiondoa, Eje. Ilikuwa inachosha watu. Sasa wanatazama, halafu wanafanya mtihani wa kubofya. Mfumo unasahihisha wenyewe. Kisasa kabisa."

"Na maneno yangu ya somo la kwanza? Pale nilipowaambia waniwinde?"

"Vijana wa kompyuta walipunguzapunguza. Ulikuwa unataja tarehe, unasema 'tutaonana kesho.' Isingependeza."

Burulcha akasogea mezani. Akauliza swali ambalo jibu lake alikuwa ameanza kulinusa.

"Maswali ya huo mtihani mmeyatoa wapi?"

"Kwako! Neno kwa neno. Kila swali na jibu lake, kutoka kwenye masomo yako."

"Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa adrenalini ya mtoto wa kilo kumi na mbili, akajibu sifuri nukta moja mbili..."

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Kama siyo ulichosema wewe, basi amekosa."

Burulcha alipiga meza kwa kiganja. Chai ikaruka ikamwagikia kalenda.

"Ile ni sumu, Kubanych! Aliyejibu moja nukta mbili ameua mtoto, na wewe unampa alama! Kila somo lina kosa. Kila moja! Nilikuandikia kurasa nne. Ziko wapi?"

"Punguza sauti, Eje, kuna watu korido."

"Ziko wapi?"

Akafungua droo ya tatu, akatafuta chini ya mafaili na pakiti ya peremende, akatoa bahasha. Ilikuwa bado imefungwa. Hata gundi haikuwa imeguswa.

"Nilikuwa na mambo mengi," akasema, na angalau aliangalia chini.

"Futa leo."

"Jumatano inayokuja tume inatoka Bishkek kuja kutazama tunavyofundisha mtandaoni. Wakikuta hakuna somo, tunanyang'anywa kibali. Nipe mpaka Alhamisi. Wakiondoka tu, nafuta, kwa jina la marehemu baba yangu."

"Juzi tu mtoto ameponea chupuchupu Ak-Talaa. Hao mia moja na arobaini wako zahanati ngapi leo? Kesho je?"

"Hakufa lakini."

"Umesemaje?"

"Nimesema, kwa bahati njema, hakufa." Akaivuta kalenda iliyolowa, akaikung'uta. Sauti yake ikawa tamu zaidi. "Tuseme ukweli, Eje. Tukipelekana mbele ya sheria, mwandiko ulioko ubaoni ni wa nani? Sauti ya nani inayosema 'andikeni'? Mimi mkono wangu haumo."

Hilo lilimchoma kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alikuwa amewatia watoto wa watu sumu kikombeni akiamini kwamba siku zote atakuwepo kuimwaga. Aliomba namba za wanafunzi. Akaambiwa ni siri ya chuo. Akachukua bahasha yake, akatoka. Ngazi alizishuka akibwata peke yake kama mlevi.

*

Namba alizipata kwa Nurzada, ambaye alimtumia bila salamu. Wanafunzi walikuwa na kundi lao la simu, na jioni hiyo Burulcha akaingia humo, akajitambulisha, akasoma zile kurasa nne kwa sauti, kosa baada ya kosa. Ilimchukua saa nzima. Melis alimwekea sahani ya tambi pembeni, zikapoa zikagandamana.

Majibu yakaanza kumiminika. Wengine hawakuamini kwamba ndiye. Wengine walimtukana. Lakini lililomkata maini lilitoka kwa mvulana mmoja wa bonde la Jumgal, aliyeandika kwa adabu zote: "Ahsante, Eje. Sasa mtihani wa Ijumaa tujibu lipi, la kweli au la kupata alama? Mimi nikifeli tena nafukuzwa."

Burulcha alimsomea mumewe. Melis alianza kuondoa sahani ya tambi.

"Nakuuliza wewe! Nimwambie nini?"

"Sijui, Buru."

"Kijana anataka kuwa muuguzi, inabidi achague kati ya mtoto na cheti. Na anayemchagulisha anakunywa chai!"

Siku mbili baadaye Nurzada akatuma ujumbe mwingine. Ulikuwa na linki, na mstari mmoja: "Jumatano saa nne. Tumeambiwa sote tuwe ndani, tuwashe kamera, tusiulize chochote."

*

Jumatano saa nne kasoro Burulcha alikaa kwenye meza ya jikoni. Simu aliiegemeza kwenye birika. Aliingia kwa jina lake kamili. Katikati ya majina mia moja na arobaini, hakuna aliyeliona.

Kwenye skrini ulionekana ukumbi wa chuo. Wageni watatu walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, sahani ya maandazi ya mafuta mbele yao. Wa katikati alikuwa mwanamke mwenye miwani na daftari. Kubanych Sadyrovich alisimama kando, suti mpya, kofia nyeupe ya manyoya kichwani kama yuko harusini.

"Na sasa," akasema, "mwalimu wetu Burulcha ataanza somo moja kwa moja kutoka nyumbani kwake."

Skrini ikabadilika. Akajiona mwenyewe, skafu nyekundu, chaki mkononi, mchangamfu. "Habari za asubuhi, watoto," alisema yule Burulcha wa kwenye picha. "Leo tunaongelea dawa za shinikizo la damu."

Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, ila siyo kwa hilo. Yule mtu hakutosheka kumfukuza. Sasa alikuwa anamvaa kama nguo. Somo la kumi na tisa, akakumbuka. Dawa mbili ambazo hazipewi pamoja, na yeye kwenye dakika ya nne atasema zipewe pamoja.

Mwanamke mwenye miwani aliinama mbele. "Samahani," akasema. "Huko kwake miti imeshatoa majani?"

Ni kweli. Dirishani nyuma ya ubao mti wa mpoplari ulikuwa kijani kibichi, unacheza na upepo. Nje ya dirisha la ukumbi mji wote wa Naryn ulikuwa mweupe.

"Ni... upande wa jua," alisema Kubanych Sadyrovich.

Burulcha akawasha maiki.

"Hakuna upande wa jua, Kubanych Sadyrovich. Mti huo uko nje ya jikoni kwangu na sasa hivi ni kijiti kitupu. Wageni, salamu. Mimi ndiye Burulcha. Yule mnayemwona ni mimi wa mwaka juzi. Nilifukuzwa Juni."

Ukumbini mtu aliangusha kijiko. Kwenye picha yule Burulcha mwingine aliendelea kuandika ubaoni kwa furaha, akieleza jambo la figo, sauti zao zikigongana.

"Hitilafu ya mtandao," mkurugenzi alisema, "vijana, mtoeni huyo..."

"Watakaponitoa," Burulcha alipaza sauti, "muulizeni mkurugenzi mtihani wake unasahihishwaje! Niliweka kosa moja kila somo ili nilifichue kesho yake. Kikao cha kesho yake amekifuta. Makosa ameyaacha. Na anayekataa kosa anapewa sifuri!"

Sauti yake ikakatwa; alama ya maiki ikawa nyekundu. Akaibonyeza tena, ikakataa. Akatukana, tusi la machungani ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia mdomoni mwake. Lakini hapo kikatokea kitu ambacho hakukiomba. Kijisanduku kimoja kikawaka, akaonekana kijana mwenye masikio makubwa, nyuma yake mazulia ya ukutani.

"Ni kweli," kijana alisema. "Mimi wa Jumgal. Ijumaa nimejibu la kweli. Maswali kumi na sita yalitoka pale pale penye makosa, nimepata nne kwa ishirini."

Akaja wa pili. Wa tatu akaweka daftari lake mbele ya kamera, mwandiko mdogo mdogo, halionekani vizuri, yeye akilisukuma tu karibu zaidi. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, zogo kama la mnadani. Ndipo Nurzada akawasha maiki yake. Kamera hakuiwasha.

"Mtoto anaitwa Alihan," alisema. "Wa Ak-Talaa. Nilivunja vichupa viwili. Andikeni hilo."

Kubanych Sadyrovich alimfanyia mtu ishara, skrini ikawa nyeusi.

"Washa," ilisikika sauti ya yule mwanamke kutoka gizani. Hakuipaza. "Nimesema washa."

*

Mtu angefikiri hapo hasira za Burulcha zilipata pa kutua. Hazikupata.

Tume iliondoka Alhamisi. Jumatatu barua ikaja: mkurugenzi asimamishwe kazi, masomo yote ya mtandaoni ya Ak-Bulut yasimamishwe, matokeo ya somo la dawa yafutwe. Wanafunzi wote mia moja na arobaini warudie somo hilo mjini, ana kwa ana, Aprili na Mei. Atakayeshindwa kufika, mwaka wake umekwisha.

Nurzada akapiga simu.

"Umeshinda, Eje," alisema. Safari hii hakulia. "Hongera."

"Nurzada, mimi sikutaka..."

"Mama mkwe wangu amepooza upande mmoja. Namgeuza mara nne kwa siku. Unadhani kwa nini nilichagua chuo cha mtandaoni, kwa sababu napenda skafu yako? Nije Naryn miezi miwili, nilale wapi, na yeye nimwache na nani, na kondoo?"

"Nitaongea nao."

"Uliweka kosa wewe. Akaliacha yeye. Ninayelipa ni mimi. Sawa?"

Burulcha alipoweka simu, alichukua mfuko wa unga uliokuwa mezani akautupa ukutani. Melis alikuja akakuta jiko zima jeupe na mkewe amesimama katikati.

"Leo nani?" aliuliza.

"Wote," alisema. "Na mimi nimo."

Alianza siku iliyofuata. Namba ya yule mwanamke wa tume aliipata, akampigia mpaka akapokea. Akamwambia kwamba walichokifunga ndicho kilichokuwa kizima: mtandao haukuwa na kosa lolote, aliyekosa ni mtu aliyedhani kufundisha ni kucheza mkanda. Mwanamke alisema kanuni ni kanuni. Burulcha alisema kanuni hazigeuzi wagonjwa kitandani. Siku ya tatu aliambiwa aandike. Akaandika. Siku ya saba aliambiwa abadilishe fomu. Akabadilisha. Chuoni, kaimu mkurugenzi, mtu mwoga aliyeogopa hata kiti chake kipya, alimwomba arudi kufundisha wale watakaofika mjini. Alikataa, akamwambia atarudi kwa wale wasioweza kufika, au hatarudi kabisa. Walibishana wiki mbili. Mwishowe kibali kikatoka, chembamba: masomo ya moja kwa moja tu, watu ishirini wasizidi, hakuna kurekodi. Wakati kinatoka, wanafunzi kumi na saba walikuwa wameshaacha, na yule kijana wa Jumgal mwenye masikio makubwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameondoka kwenda Urusi kubeba matofali. Burulcha alimpigia mara tatu. Namba haikupatikana.

Alifundisha makundi matatu asubuhi na matatu mchana, akaacha nusu ya kazi ya famasi. Makosa bado aliyatia, ila mbele yao, na hakuacha hata moja livuke saa ile. Siku ya kwanza ya kundi la Ak-Talaa aliita majina. Alipofika kwa Nurzada, kijisanduku kilikuwa cheusi.

"Nurzada, washa kamera."

"Mbovu."

"Basi washa mdomo."

Wenzake wakacheka. Nurzada hakucheka, lakini alijibu alichoulizwa, na akajibu sahihi, na kuanzia hapo akawa anajibu kila siku, kavu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mei mwishoni alifaulu kwa alama za juu kuliko wote wa kundi lake. Hakutuma salamu. Burulcha hakuzitarajia, ila kwa siku kadhaa aliitazama simu.

Septemba, Melis alikuwa anasoma habari kwenye simu yake wakati wa chai, akaguna.

"Nini?"

"Hapana, hakuna."

"Melis."

Akamsomea. Kubanych Sadyrovich alikuwa ameteuliwa mshauri wa taasisi moja binafsi huko Bishkek. Angeendesha semina ya siku tatu, mtandaoni, kwa walimu wa vyuo nchi nzima. Mada: namna ya kufundisha kwa mafanikio ukiwa mbali na mwanafunzi. Kulikuwa na picha yake, na nyuma yake, ndani ya fremu ya dhahabu, kile cheti.

Melis alijiandaa kusogeza vikombe. Lakini Burulcha hakutupa kitu. Mashavu yamemwiva mpaka masikioni, akanyoosha mkono.

"Hebu lete. Inasema mtu anajiandikishaje?"

"Unataka kwenda kumsikiliza huyo?"

"Inasema siku ya tatu ni ya maswali," Burulcha alisema, akivaa miwani. "Nisaidie. Hapa wanataka jina kamili."